Vioo vya Kona ya Mama

Nilimshuku Fundi kabla hajafungua mdomo, na alipokataa kuufungua nikazidi kumshuku. Mimi ni mtu wa kuuliza. Nimekuwa muuguzi zaidi ya miaka thelathini, na kazi hiyo inakufundisha kwamba mgonjwa asiyejibu anaficha kitu: amekunywa dawa za mitishamba, au hakunywa zile ulizompa. Kwa hiyo mtu alipokuja kuangalia kiwanja changu cha vichaka kule ndani ya Kambu, akazunguka karibu saa mbili bila neno, kisha akainama, akachota udongo mweusi kwa vidole viwili na kuuweka kwenye ulimi, nilishakata kauli. Huyu ana lake, nikasema.

Aliutema, akapangusa mdomo. Siku ile aliniuliza swali moja tu.

"Nyumba ni ya nani, mwaitu?"

Mwaitu ni mama, kwa Kikamba, na ndivyo mwanamume wa kwetu anavyomwita mwanamke anayemheshimu, au anayetaka kumtuliza. Nilimwambia nyumba ni yangu. Alitazama milima ya Chyulu akangoja, kana kwamba anajua sijamaliza. Ikabidi niongeze, "Na ya mama yangu."

Mama alikuwa akiishi Mukuyuni, kwenye nyumba ya matofali mabichi waliyoijenga na marehemu baba. Asubuhi moja ya mvua za Aprili, akiwa anachagua ndengu kwenye ungo, ukuta wa nyuma ulimwangukia ukamvunja nyonga. Tangu hapo anatembea kwa magongo mawili, na kitanda chake ikawa lazima kikae katikati ya chumba, mbali na kila ukuta. Ukimtembelea ulimkuta amelala pale katikati kama meza ya kulia. Mimi nilikuwa karibu kustaafu na kurudisha nyumba ya kazini Mtito Andei. Nikamwahidi kwamba nitamjengea ukuta ambao hautamwangukia. Ahadi hiyo niliitoa mbele ya ndugu zangu, kwa sauti na kwa hasira, kwa hiyo sikuwa na njia ya kurudi nyuma.

Ramani niliichora mwenyewe nyuma ya kadi ya kliniki. Jiko nililiweka katikati ili Mama anisikie popote alipo. Milango iwe mipana ya kupita magongo. Ngazi isiwepo hata moja. Chumba chake kiwe kona ya magharibi, ile inayotazama Chyulu, kwa sababu alisema anataka kuiona milima akiwa amelala. Kwenye kadi ilikuwa nyumba nzuri sana. Shida ilikuwa kiwanja. Upande wa mashariki ni mwamba mtupu, unapiga sururu inaruka. Upande wa magharibi, penye chumba cha Mama, ni ule udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi mpaka mguu unaingia. Kote juu ni miiba, na mara mojamoja ndovu wa mbugani anapita na kuacha njia kubwa kuliko uliyoifyeka wewe. Mafundi wawili walikuja, wakaangalia, wakakumbuka kwamba wana kazi mahali pengine.

Wa tatu, Fundi, nilielekezwa kwake na mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Kambu, mzee Mwislamu ambaye watu wake walitoka upande wa Garissa. Nilimuuliza kama huyo fundi ni mtu mzuri.

"Hili duka alijenga yeye," akasema. "Kama ni mtu mzuri sijui. Hajawahi kuniambia kitu."

Sasa jambo la pili, na hili sitalipamba. Fundi alikuwa mtu wa Kitui. Sisi wa Makueni tuna maneno yetu juu ya watu wa Kitui, na wao wana yao juu yetu. Yetu ni kwamba wanajua uoi, yaani uchawi. Tunayasema tukicheka, halafu tukitoka hapo tunaokota nywele zetu sakafuni baada ya kusukwa. Mimi nimesoma, nimeokoka, nimewaambia wagonjwa mia moja kwamba degedege si pepo. Na bado nilikuwa naamini nusu. Hiyo nusu ndiyo iliyofanya kazi miaka yote niliyomjua Fundi.

Naye hakunisaidia. Chukua suala la chakula. Vibarua wake wawili walikula muthokoi wangu wa mahindi na maharagwe mpaka wakalamba sufuria. Yeye alikaa kando na mkebe wake wa uji aliotoka nao kwake. Chai yangu hakuionja hata siku moja. Nilimletea mkate wa siagi, akashukuru, akawapa vibarua. Kwetu mtu asiyekula chako anakuogopa au anataka umwogope. Siku moja nilimuuliza waziwazi kama chai yangu ina kinyesi cha ng'ombe.

"Chai ni nzuri, mwaitu," akasema. "Lakini mtu akinishuku, mimi sili kwake. Ukiumwa kesho utasema ni mimi. Nikiumwa mimi nitasema ni wewe. Heri uji."

Hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote aliyowahi kunipa katika ujenzi ule. Mimi nikaichukua kama kukiri.

Kazini alikuwa mtu mwingine kabisa. Kila jiwe aliligonga kwa kifundo cha kidole kama anayebisha hodi, akatega sikio, na lile ambalo halikumjibu vizuri alilitupa kando, hata kama kwa macho yangu lilikuwa zuri kuliko mengine yote. Kifaa cha kupimia chenye povu la maji, kile cha dukani, hakukiamini. Alikuwa na mpira mwembamba unaopitisha mwanga, mrefu kama nyumba yenyewe, uliojaa maji. Kibarua alishika ncha moja huku na yeye nyingine kule, na maji yakitulia pande zote mbili anaweka alama. Nimemwona akibomoa kazi ya siku mbili kwa ajili ya upana wa ukucha. Halafu mtu huyohuyo alivaa shati lenye vifungo viwili, na suruali yake ilifungwa kwa waya wa kufungia nondo.

Kanisani hakuingia. Alikuwa amejenga makanisa matatu kuanzia Kambu mpaka Mtito Andei, na Jumapili ungemkuta ameketi nje ya moja, kwenye ngazi ya nyuma, akiimba nyimbo zote kwa sauti ya chini bila kukosea ubeti. Mchungaji alimwita ndani akachoka. Nilimuuliza kwa nini haingii. Akasema kutoka nje anausikia ukuta vizuri. Nilikwenda nyumbani nikilitafakari jibu hilo na sikupenda mahali liliponifikisha.

Alikuwa na neno lake moja. Ukimuuliza lini tutaanza kuta, au msingi unatosha, au bati zije lini, alijibu: "Tutaona mvua ikisema." Nilimwambia mvua haikusoma ramani yangu. Akatabasamu, na hilo nalo lilikuwa tukio.

Tuliwahi kugombana mara moja tu, na ilikuwa kwa sababu ya chumba cha Mama. Alitaka nikihamishe, nikipeleke upande wa mashariki juu ya mwamba. Nikamwambia Mama ameshachagua, na pale kwenye mwamba ataona nini, barabara ya Mombasa? Hakubishana. Alisema tu "Haya," harakaharaka, na hiyo haraka ilinitia wasiwasi kuliko ubishi. Akaanza kuchimba. Mashariki alifika kwenye mwamba kabla ya goti. Magharibi alichimba mpaka kibarua akazama kichwa, na bado ni udongo mweusi. Wakati huo ndipo nilipokiona kioo chake mara ya kwanza. Alikuwa na kipande cha kioo cha kujitazamia kwenye mfuko wa shati, na alikitumia kutupa mwanga wa jua chini ya shimo ili aone mwisho wake. Mama alikuwa amekuja siku hiyo kutembelea, ameketi kwenye kiti chini ya hema la turubai. Fundi alipogeuka, ule mwanga ukampita Mama kifuani. Labda ni sekunde moja tu. Niliuona, nikauweka moyoni.

Alijaza lile shimo mawe na udongo mgumu wa maramu, akapiga zege la msingi, akafika usawa wa ardhi. Halafu akaacha. Mvua za Novemba zilikuwa karibu. Akasema msingi ukae wazi mpaka zipite, tuone mvua ikisema. Wiki mbili baadaye nilimkuta Mtito Andei akijenga choo cha nyumba ya wageni. Nilisimama mbele yake nikiwa na sare yangu ya kazi. Hakuona haya wala hakujitetea. "Huku mvua haihitajiki," akasema, akaendelea kupanga mawe. Nikajiambia ndiyo, kumbe mimi naegeshwa kama gari bovu.

Wacha niseme kwamba mimi pia nilikuwa na mitego yangu. Kila mfuko wa simenti ulioingia kwenye kiwanja kile niliutia alama ya msalaba kwa kalamu nyekundu, ili nikiuona mahali pengine niujue. Simenti haikupotea. Lakini mifuko mitupu ilianza kutoweka, ile ya karatasi ambayo kila mtu huwashia moto. Nikamuuliza anaipeleka wapi. Akasema ina kazi. Karatasi tupu ina kazi gani?

Katikati ya mvua nilikwenda kiwanjani na mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu, mwanamke mwenye sauti na uzito, ambaye hajawahi kuona jambo akasema labda. Nilitaka kumwonyesha chumba cha Mama kitakapokuwa. Tukatembea juu ya msingi kwa uangalifu kwa sababu ya utelezi. Pale msingi wa kwenye mwamba unapokutana na ule wa udongo mweusi, akasimama ghafla akanishika mkono.

Palikuwa na bonge la simenti, kubwa kama kiganja, limebandikwa juu ya msingi. Ndani yake kilipachikwa kipande chembamba cha kioo cha kujitazamia, uso ukitazama mawingu. Tulitafuta tukapata kingine upande wa pili. Na kingine. Cha nne kilikuwa kwenye kona ya Mama, na hicho kilikuwa kimepasuka katikati, mstari mmoja safi.

"Usiguse," mwenyekiti akasema. "Hii kitu si ya ujenzi. Hii imewekwa. Mama yako alivunjika wapi?"

"Nyonga."

"Na hiki kimepasuka wapi?"

Nikasema katikati. Niliogopa, nakwambia ukweli, mimi muuguzi wa miaka yote hiyo.

Kesho yake walikuja akina mama sita. Tuliomba mpaka sauti zikakwama. Tukamwaga chumvi, tukabomoa mabonge yote kwa sururu, tukafunga vile vipande kwenye kitambaa na kuvitupa korongoni. Kabla hatujaachana mwenyekiti alinipa onyo moja. Mtu wa namna hiyo, akasema, lazima atarudi kuuliza kama kitu chake kimefanya kazi. Usimwambie hata siku moja kwamba kimoja kilivunjika, kwa sababu akijua kimefika, anakuja kumalizia. Hilo nilikuwa nimelisikia tangu utotoni kwa nyanya yangu. Ungeniuliza kwa nini sikumfukuza, jibu ni hilohilo: ukimfukuza anaondoka na kinyongo chake. Tena mwingine wa kujenga kwenye kiwanja kile sikuwa naye.

Mvua zilipopita, Fundi akaja. Alikwenda moja kwa moja kwenye bonge la kwanza, akakuta halipo. La pili halipo. Akachuchumaa kwenye kona ya Mama akapapasa msingi kwa dole gumba, kwenye chumvi na tope, muda mrefu. Mimi nilisimama nikiwa nimeshika mwavuli uliofungwa, tayari kwa lolote.

"Mmetoa vioo," akasema.

"Tumetoa."

"Wakati mnavitoa, vilikuwa vizima?"

"Vizima."

"Na kile cha kona ya mama..."

"Vyote. Nimesema vyote vilikuwa vizima."

Alinitazama. Nilimtazama pia, kwa sababu nilijua nikiangusha macho atajua. Akasimama, akapangusa dole kwenye suruali.

"Haya," akasema. "Basi mvua imesema."

Akaanza kuta siku hiyohiyo. Alijenga vizuri, hata mimi niliyekuwa nikimkalia chonjo niliona. Isipokuwa chumba cha Mama. Pale kinapopakana na nyumba alijenga kuta mbili zikiwa zimegusana mgongo kwa mgongo, mahali ambapo ukuta mmoja ungetosha. Nikamwambia anakula mawe yangu. Akasema, "Haya ni ya mama." Bati za pale nazo hakuzipigilia pamoja na zile za nyumba, alizilaza tu juu yake. Nikaandika kichwani: mvivu. Alimaliza, akapiga plasta laini kama shuka iliyopigwa pasi, akakusanya mpira wake wa maji, akaondoka bila kunywa chai.

Tuliingia. Mwaka wa kwanza Mama alisogeza kitanda karibu na ukuta, kidogokidogo, kila wiki upana wa kiganja, mpaka siku moja nikamkuta ameegemeza mkono ukutani akiangalia Chyulu. Nilitoka nje nikalia. Sijawahi kumwambia.

Mvua za mwaka wa pili zikaleta ufa. Ulitokea pale chumba cha Mama kinapoungana na nyumba, kuanzia sakafuni mpaka darini, umenyooka kana kwamba umechorwa kwa rula. Mwezi mmoja baadaye ncha ya kisu iliingia. Mama hakusema lolote. Niliporudi kutoka sokoni nilimkuta ameinamia gongo moja, akikivuta kitanda kwa mkono mwingine kukirudisha katikati ya chumba. Alikuwa akitokwa na jasho.

Hapo mdomo wangu ulikata kamba. Nilisema kwenye foleni ya zahanati, nilisema kanisani, nilisema dukani kwa yule mzee: Fundi ameniibia simenti, amemjengea mama yangu kaburi. Sikusema uoi, kwa sababu sikutaka kuchekwa, lakini mwenyekiti alilisema hilo kwa niaba yangu. Watu waliokuwa wamempa kazi wakatafuta wengine. Baada ya muda nikasikia amerudi kwao, ng'ambo ya mto Athi.

"Wewe ulimwona akila simenti?" Mama aliniuliza.

"Ufa huuoni?"

"Ufa nauona. Nauliza Fundi."

Nikaondoka kwenda jikoni.

Ukuta wa kanisa letu nao ukafanya ufa, nyuma ya madhabahu. Wazee wa kanisa wakamwita binti wa muumini mmoja, mhandisi wa majengo, msichana mwenye buti kubwa na maneno machache. Aliupima, akatoa vipande vyembamba vya kioo kwenye mkoba, akavibandika kwa simenti kukatisha ufa, kimoja chini na kimoja juu. Akina mama tulikuwa tukipanga maua. Mwenyekiti akamuuliza hivyo ni vya nini. Yule binti akasema kioo hakipindi. Ukuta ukisogea hata kidogo, kinapasuka, na hapo unajua upande huo unashuka. Mafundi wa zamani, akasema, walitumia hata vioo vya kujitazamia.

Mwenyekiti alirudia kupanga ua lilelile mara tatu. Hatukutazamana. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiusikia uongo wangu: vyote, nimesema vyote. Mtu alikuwa ameuliza kama ardhi chini ya kitanda cha mama yangu inashuka, na mimi, kwa mdomo wangu, nikamwambia haishuki. Kisha nikamwita mwizi kwa kuniamini. Nilikaa na jambo hilo karibu mwaka mzima. Ningesema nilikuwa namtafuta, lakini sikumtafuta. Niliona haya.

Nilimkuta bila kumtafuta, sokoni Mukuyuni, siku niliyokwenda kuangalia shamba la Mama. Alikuwa ameketi chini, ametandaza gunia, akiuza mipini ya majembe. Nywele zilikuwa nyeupe zote. Shati lilikuwa na kifungo kimoja.

"Mwaitu," akasema. "Wimuseo?"

Ndivyo tunavyojuliana hali. Nilichutama pale mbele ya mipini yake na kusema nilichokuwa nimekibeba. "Fundi, kile cha kona ya mama kilikuwa kimepasuka."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Siku ile. Ulinijibu vyote kabla sijamaliza kuuliza. Na nilikuta kipande kimoja kwenye tope. Kilichovunjwa na sururu kinang'aa pembeni. Kile kilikuwa na udongo umeganda pembeni, kimevunjika siku nyingi."

Damu ilinipanda. Aibu ilikuwapo, lakini ile tabia yangu ya zamani ikawahi mbele yake. "Kama ulijua, mbona ulijenga? Ulimjengea mama yangu mahali unajua panashuka?"

"Ningekataa, ungemleta mwingine. Mwingine angeunganisha." Alichukua mpini mmoja akaupangusa. "Mimi sikukiunganisha. Chumba cha susu kina kuta zake nne na mkanda wake wa zege juu. Kikishuka kinashuka chote, kama sanduku. Hakiwezi kumwangukia. Ule ufa nimeuacha mimi. Niliufunika na plasta tu, na nilijua plasta itapasuka."

Susu ni nyanya kwa Kikamba, yaani bibi. Alimwita mama yangu susu, kama wa kwao.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniuliza nimejuaje," akasema. "Ningekuwa mchawi mara mbili."

Mtu mwema angeamini hapo na kuomba msamaha. Mimi nilifikiri: hata mwizi anaweza kusema hivi miaka ikishapita. Nikamwambia aje anionyeshe. Akakubali.

Alikuja Alhamisi, na begi dogo la tindo na mwiko. Alimsalimu Mama kwa heshima zote, akainama kwenye ufa, akagonga plasta kwa tindo polepole mpaka ikaanguka upana wa mkono. Nyuma yake zilionekana zile kuta mbili, mgongo kwa mgongo, na katikati yake karatasi iliyokunjwa, ya kahawia, imebanwa kutoka chini mpaka juu ili mawe ya huku yasishikane na ya kule. Alivuta kipande akanipa. Kilikuwa cha mfuko wa simenti. Juu yake kulikuwa na msalaba mwekundu, wa kalamu, mwandiko wangu mwenyewe.

Nilikaa kwenye kitanda cha Mama. Nikamwambia Fundi anisamehe, mbele ya Mama, nikataja yote: vioo, chumvi, uongo, maneno ya zahanatini, kazi zake zilizopotea. Nikamwambia nitasimama kanisani Jumapili niyaseme, na nilisimama nikayasema, mwenyekiti akiwa kiti cha mbele. Fundi alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Kidole kinaingia?"

"Kimoja."

"Vikifika viwili niite. Tutanyanyua bati kidogo."

Nilileta chai. Nilimimina kikombe kikubwa chenye maua, nikamwekea kando ya goti. Akashukuru, akakiacha. Chai ikaanza kufanya utandu juu. Nilijua ninachokiona, nimekiona miaka ile yote. Mama alikiona pia. Alinyoosha mkono, akachukua kile kikombe, akapiga funda moja kubwa, kama wazee wa kwetu walivyokuwa wakionja kitu kabla ya kumpa mgeni, akamrudishia. Fundi akakipokea kwa mikono miwili. Akanywa yote, akaomba kingine.

Kabla hajaondoka alisema angependa kujua kama bado panashuka. Mama akatoa kioo chake cha mkobani, kile cha kuangalia kilemba, akampa. Fundi alikivunja kwa tindo ndani ya kitambaa, akachagua kipande kirefu, akakibandika kukatisha ufa kwa simenti kidogo, usawa wa macho ya mtu aliyelala. Akaniachia namba yake ya simu. Mvua ikinyesha, akasema, nitazame kila asubuhi, nimwambie.

Kitanda cha Mama kimerudi ukutani. Mvua za Novemba zimekuja, na nimetazama kila asubuhi kabla hata ya kunawa uso. Jana nilimpigia Fundi.

"Ni kizima," nikamwambia. "Nimekiangalia sasa hivi. Hakina hata alama."

Nilisikia mbuzi huko aliko.

"Haya, mwaitu," akasema. "Nipe susu nimsikie mwenyewe."